Shemeji Aliita Kutoka Ziwani kwa Saa Hamsini na Moja

Nilimsikiliza mtu akiniita kwa saa hamsini na moja.

Hakutamka neno hata moja. Ilikuwa ni pi, pi, pi masikioni mwangu, kila baada ya sekunde mbili. Na kila pi ilikuwa na maana moja: niko hapa, nifuateni.

Mtu mwenyewe alikuwa mume wa dada yangu.

Hii stori sijawahi kuiandika mahali. Sasa nimepita miaka sabini na tano, wengi waliokuwa ndani yake wameshalala, na wajukuu wamenionyesha namna ya kuandika humu. Wacha niitoe tu.

Naitwa Orwa. Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio hapo Busia, upande wa Kenya. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara ya kwenda mpakani. Kila Jumatano nilikuwa nashuka Sio Port na mkoba wangu wa vyuma, natengenezea wavuvi redio zao.

Huko ndiko dada yangu Magdaline aliolewa. Yeye alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita, na mama yetu alipokufa ndiye alinilea.

Bwana yake aliitwa Ochuodho. Mvuvi. Mrefu, mpole, mtu wa kucheka hata kabla hujamaliza kumchekesha. Lakini kuogelea alikuwa anaogelea vibaya sana. Msishangae. Wavuvi wengi wa kwetu walikuwa hivyo hivyo. Walilijua ziwa kutoka juu ya boti, si kutoka ndani ya maji.

Sasa mwaka wa 1975 alikuja mzungu mmoja wa kuchunguza samaki. Ochuodho ndiye alikuwa anamwonyesha njia ziwani, na mimi ndiye nilikuwa namrekebishia mitambo ikiharibika. Tukazoeana.

Mapema 1976 maneno ya mpaka yakaanza. Redio zikatangaza kwamba Kampala inadai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Watu wakaanza kuogopa kuvuka hata kwenda kuzika. Mzungu akafunga mizigo.

Kabla hajaondoka alituachia zawadi. Alimpa Ochuodho jaketi la kuelea na kidude kimoja cha rangi ya machungwa, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye antena ya waya. Mimi akanipa kipokezi chake.

Akatueleza kazi yake. Mtu akianguka ziwani anavuta pini. Kidude kinaanza kutuma mawimbi, na taa ndogo nyekundu inawaka na kuzima kuonyesha kwamba kinafanya kazi. Ukishavuta ile pini hakizimiki tena mpaka betri iishe. Aliye nchi kavu anavaa vile vya masikioni, anazungusha antena ya kipokezi polepole. Pale sauti inapopanda zaidi, huko ndiko mtu aliko.

Wavuvi walikipa jina hapo hapo. Wakakiita kengele.

Tulikijaribu mwezi wa tatu. Ochuodho alifunga kengele juu ya mtungi mtupu, akauacha mbali sana ziwani, akarudi. Halafu mimi nikapanda boti ya Oyoo na kipokezi mapajani, namwonyesha kwa mkono, kulia, kushoto, mbele. Huyu Oyoo ndiye Ochuodho alikuwa anavua naye, na boti ilikuwa yake, ina injini.

Baada ya dakika ishirini mtungi tulikuwa nao.

Watu pale ufukoni walipiga makofi kama tumemfufua mtu. Betri ilipoisha nilikifungua kidude kwa vyuma vyangu, nikatia nyingine, nikarudisha pini. Wiki hiyo hiyo Magdaline akashona mfuko wa turubai kwenye lile jaketi, upande wa kifua, ili kengele isije ikadondoka. Akaniambia sasa anaweza kulala usingizi bwana yake akiwa majini.

Mimi nikajiona mtu wa maana. Nisiwadanganye.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nane, saa tisa mchana. Niko sokoni Sio Port, nimefungua redio ya mama mmoja, upepo ukabadilika ghafla. Vumbi likainuka. Mvua ikaonekana ziwani kama ukuta.

Karibu saa kumi na nusu Oyoo akafika, analia. Mtu mzima.

Alisema walikuwa wanavuta nyavu, wimbi likapiga ubavuni, Ochuodho akaenda. Aligeuza boti. Alizunguka mara tano, mara sita. Mvua ilikuwa nzito, hakuona hata ncha ya boti yake mwenyewe. Mara ya mwisho alipomwona, Ochuodho alikuwa anaelea na jaketi, mkono mmoja uko kifuani.

Nikajua amevuta pini.

Nilikimbia kuchukua kipokezi kwenye banda la samaki, tukapanda kile kilima kilicho nyuma ya soko, mimi, Oyoo na Magdaline. Nikazungusha antena. Kelele tupu. Nikazungusha tena.

Pi. Pi. Pi.

Nilimvisha dada yangu vile vya masikioni asikie mwenyewe. Alifunga macho. Alishika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukafa ganzi.

Shida ikawa ni upande. Antena ilikuwa inaelekeza magharibi. Upepo ulikuwa umempeleka maji ya Uganda.

Tukaenda kwa afisa wa doria. Alitusikiliza vizuri, hakutudharau. Lakini alisema hakuna boti itatoka kwenda upande ule. Wiki mbili nyuma boti moja ya Wakenya ilivuka kufuata nyavu na haijaonekana mpaka leo, na amri imetoka juu. Akasema atapiga simu. Sijui kama alipiga. Sijui kama kulikuwa na mtu wa kupigiwa.

Tulirudi kilimani. Giza lilipoingia sauti bado ilikuwa pale pale, majini.

Alhamisi asubuhi nikaanza kuzungusha tena.

Ule mstari wa antena ulikuwa umehama. Haukuelekea tena ziwani. Ulielekea nchi kavu, ng'ambo ya mto Sio, kwenye mashamba ya watu.

Ochuodho alikuwa ametoka majini. Yuko hai, yuko ardhini, amevaa kengele.

Niliteremka mbio kuwaambia. Wanawake wakaimba. Magdaline alipiga magoti pale pale kwenye majani. Oyoo yeye hakuimba. Alikuwa ameshapata petroli, sijui ametoa wapi. Akanivuta kando.

"Orwa, huko si mbali. Nipitie karibu na mdomo wa mto, hakuna atakayeniona. Wewe nionyeshe upande tu, mimi niwashe injini."

Wacha niseme ukweli, maana hiyo ndiyo sababu nimeandika.

Niliogopa. Kuonyesha upande maana yake ni kuingia naye kwenye boti. Nilifikiria ile boti iliyopotea. Nikafikiria yule afisa. Mtu akiogopa, akili inamtafutia maneno mazuri haraka sana, na mimi nikayapata. Nikamwambia Ochuodho sasa yuko nchi kavu, amepata watu, hao watu watamvusha wenyewe kimya kimya. Sisi tukienda tutamharibia. Angoje.

Oyoo alinitazama muda mrefu. Halafu akaenda kukaa kwenye boti yake. Alikaa humo siku nzima, hakutoka hata kula.

Magdaline nilimwambia aende Busia akamngojee mpakani, kwa maana lazima atapitia huko. Aliondoka na shati safi la bwana yake na sufuria ya nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe alioupenda.

Mimi nikabaki kilimani na sauti. Alhamisi yote. Pi, pi, pi. Haikusogea.

Ijumaa, kama saa tano hivi mchana, ikasogea.

Nilifikiri nimekosea. Nikapima tena, nikapima mara ya tatu. Mstari ulikuwa unaelekea kaskazini, polepole, halafu haraka. Kaskazini ni Busia. Kaskazini ni nyumbani.

Nilitupa kofia juu peke yangu kama mwendawazimu.

Nikamtuma mtu wa baiskeli akimbie Busia amwambie dada yangu: yuko njiani, anakuja, simama mahali anaweza kukuona.

Alisimama. Waliomwona wameniambia. Alisimama upande huu wa kizuizi kuanzia saa nane, sufuria kichwani, na kila mwanamume mrefu aliyetokea ng'ambo alikuwa anamwinulia mkono.

Saa kumi na mbili jioni sauti ikapungua. Ikawa kama mdudu ndani ya ukuta. Halafu hakuna.

Betri.

Ochuodho hakutokea Ijumaa. Hakutokea Jumamosi, wala mwezi ule, wala mwaka ule.

Tuliuliza kila mahali. Kila mchuuzi aliyevuka na ndizi, kila mtu wa magendo, kila aliyekimbia huko akaja kwetu, nilimuuliza. Unajua mtu mrefu, ana jaketi la rangi ya machungwa? Wengi walikuwa wanaangalia chini. Miaka ile kule kulikuwa na watu wengi sana wa kuuliziwa.

Mwaka wa 1978 wazee wakasema boma haliwezi kungoja milele. Tulizika tunda la yago, lile refu la mti wa porini, ambalo kwetu Waluo linalazwa kaburini mahali pa mtu ambaye mwili haukupatikana. Magdaline alinyoa nywele. Akalia kidogo tu. Alisema machozi mengine atayaweka, kwa sababu ile sauti aliisikia kwa masikio yake, na mtu aliyesikika hivyo hawezi kuwa tunda.

Mimi nilimwambia pengine betri iliisha karibu na mpaka, akapotea njia.

Fikiria. Nilimwambia dada yangu hivyo.

Basi. Mwaka wa 1979 serikali ya kule ikaanguka. Mpaka ukajaa watu, wengine wanarudi, wengine wanatoka. Siku moja ya mwezi wa sita, asubuhi, mwanamke mmoja akasimama mbele ya kibanda changu. Hakuwa na redio. Mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Lafudhi yake ya Kiteso.

Akauliza kama mimi ndiye Orwa, fundi wa redio, mwenye dada anaitwa Magdaline.

Nikasema ndiyo.

Akasema anaitwa Amongin, na amenitafuta tangu njia ifunguke. Anataka kutuona wote wawili pamoja, si mmoja mmoja. Nilijaribu kumuuliza habari, akakataa. Alisema habari yenyewe ni ndefu na hawezi kuirudia mara mbili.

Nilifunga kibanda. Tukashuka Sio Port.

Magdaline alimkaribisha kwenye kiti, akamletea maji. Na Amongin akaanza, ameshika kikombe bila kunywa.

Bwana yake alikuwa mvuvi wa upande wao, jina lake Emukule. Jumatano ile ya dhoruba, usiku, alimwokota mtu majini. Mtu mwenyewe alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Walimpeleka nyumbani, wakampa uji, wakamlaza karibu na moto. Alipopata nguvu akawaambia jina lake, la mke wake na la shemeji yake, na mahali anatoka.

Emukule alijua hatari. Alikuwa amepanga kumvusha Alhamisi jioni, mahali fulani mtoni ambapo maji ni machache. Kila kitu kilikuwa tayari.

Lakini ile taa nyekundu kifuani ilikuwa haizimi. Waliifunga na nguo, waliifunika na blanketi, bado mwanga unapenya kwenye kitambaa. Emukule akamwambia waitupe ziwani. Ochuodho akakataa.

Amongin alimtazama Magdaline alipofika hapo.

"Alisema mke wake anasikiliza. Alisema ikizama ziwani, mke atafikiri yeye ndiye amezama."

Dada yangu aliweka mkono mdomoni.

Basi, na Alhamisi jioni ilipofika, Ochuodho alikataa pia kuvuka mto. Si kwa ujinga. Alikuwa na huruma. Alisema Emukule asihatarishe maisha yake bure, kwa sababu shemeji yake ni fundi, ana mtambo, anaona mahali alipo. Wako njiani na boti ya rafiki yake yenye injini. Wakipishana gizani, itakuwa ni shida kwa wote. Afadhali akae mahali pamoja wamkute.

Walingoja Alhamisi usiku. Emukule alikaa ufukoni mpaka asubuhi, amewasha moto mdogo, ili hiyo boti ione mahali pa kutia nanga.

Ijumaa jirani mmoja akaona ile taa. Kabla ya saa sita mchana lori likaja na watu wenye bunduki. Waliona antena, waliona taa, wakasema ni redio ya kijasusi. Ochuodho aliwaeleza mara nyingi ni ya nini. Walimwambia aizime basi kama hana cha kuficha. Na haizimiki.

Waliwapakia wote wawili, yeye na Emukule. Lori likachukua barabara ya kaskazini.

Kaskazini. Ile Ijumaa, kile kitu nilichokuwa nakipima nikifurahi, nikitupa kofia, kilikuwa lori.

Amongin alisema maiti zao hazikurudishwa. Mwezi uliofuata mtu wa kazi pale walipopelekwa alimletea mkanda wa Emukule, akamwambia asiulize tena.

Nje kulikuwa na kuku wanapigana.

Ndipo Amongin akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliuliza kama mtu ambaye amebeba swali moja miaka mitatu na anataka tu kulitua.

"Bwana yangu aliwangoja usiku mzima na ule moto. Mlikuwa mmefika wapi?"

Nikakisogeza kile kikombe.

Akauliza tena, taratibu, akidhani labda sikuelewa Kiswahili chake. Mlikuwa ziwani? Mlizuiliwa njiani? Mliona moto?

Magdaline naye alikuwa ananiangalia sasa. Alikuwa hajui habari ya Oyoo na petroli. Sikuwahi kumwambia. Alijua tu kwamba afisa alikataza.

"Hatukuwa tumetoka," nikasema.

Amongin alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Halafu mabega yake yakaanza kutetemeka, na hapo nikajua kwamba miaka yote alikuwa anajipa moyo na boti yetu. Alikuwa anajiambia bwana yake alikufa akingoja watu ambao kweli walikuwa wanakuja.

Dada yangu aliinuka, akamshika mkono, akampeleka chumba cha ndani. Mlango ukafungwa. Nilikaa pale sebuleni mpaka jua likateremka, hakuna aliyetoka.

Amongin alikaa siku nne. Baadaye wakawa wanatembeleana, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzee. Watoto wa Amongin walimwita Magdaline mama. Mimi nikiingia walikuwa wananipa chai, wananiuliza habari za nyumbani. Hawakunitukana hata siku moja.

Dada yangu alizungumza nami kuhusu jambo hilo mara moja tu. Ilikuwa wiki moja baada ya Amongin kurudi kwake. Alikuwa anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, hakuinua macho.

"Ungeniambia mimi. Ningepanda na Oyoo."

Nilitaka kumwambia yeye hajui kutumia kipokezi. Halafu nikakumbuka kwamba kukitumia ni kuzungusha antena tu na kusikiliza. Mtoto anaweza.

Alifariki mwaka wa 2004. Oyoo alikuwa ametangulia. Kile kipokezi nilikivunja na nyundo mwaka ule ule wa 1979, na siku hiyo hiyo nikaacha kushuka Sio Port siku za soko.

Sasa nasikia kuna vifaa vya maana kuliko kile. Mtu akianguka majini vinaita mpaka angani, na kule angani kuna mtambo unaosikia dunia nzima. Kijana mmoja wa ukoo wetu anataka kuwanunulia wavuvi wa hapa. Alikuja kuniomba ushauri juzi, kwa vile mimi ni fundi wa zamani.

Nilimwambia anunue. Ni kitu kizuri, na kile chetu pia kilifanya kazi yake vizuri kabisa, mpaka dakika ya mwisho ya betri.

Ila nilimwambia kabla hajamfungia mtu kifuani, akae chini na wenzake wakubaliane ni nani atawasha injini siku hiyo. Si wote. Si yeyote. Mtu mmoja, kwa jina, na aseme mwenyewe mbele ya mke wa mvuvi kwamba ataenda.

Na wakishampata huyo mtu, wasije wakamwambia angoje.

Sisi tulikuwa naye. Alikaa ndani ya boti siku nzima, petroli miguuni, akiniangalia mimi.